Jina la Mti na Siri ya Dawa: Kwinini, Qinghao na Muthiga katika Historia

Mnamo mwaka wa 1977, kundi la wanakemia lililoshirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu (ICIPE), kilichoanzishwa mjini Nairobi mwaka wa 1970 chini ya uongozi wa Thomas Odhiambo, lilichapisha habari za kemikali iliyopatikana katika mti mmoja wa misitu ya Afrika ya Mashariki. Miongoni mwa wanakemia hao walikuwamo Isao Kubo na Koji Nakanishi. Kemikali hiyo ilidhihirika kuwa na nguvu za namna mbili: iliwafanya viwavijeshi wakatae kula majani yaliyopakwa, na ilizuia hamira na kuvu zisikue katika vyombo vya maabara. Wataalamu wakaipa jina la muzigadiali.

Jina hilo lastahili kuchambuliwa. Kipande cha mwisho, "diali", ni cha wanakemia. Chaeleza kwamba ndani ya molekuli mna aldehidi mbili. Kipande cha kwanza, "muziga", si cha wanakemia hata kidogo. Yeyote aliyekulia karibu na Wakikuyu atalitambua mara moja kuwa ni umbo jingine la mũthiga, jina la mti ambao gome lake hutafunwa kwa kikohozi, kwa jino na kwa tumbo. Katika tahajia ya Kikuyu herufi "th" huwakilisha sauti iliyo sawa na "dh" ya Kiswahili, na si ajabu sikio lisiloizoea likaisikia kuwa "z". Kwa njia hiyo neno la wenyeji liliingia katika orodha ya kemikali za dunia, likiwa limechubuka kidogo, lakini bado likijulikana.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1976, wanakemia haohao walikuwa wametangaza kemikali nyingine ya jamaa hiyo na kuiita warburganali. Jina hili lilitokana na Warburgia, jina la kibotania la jenasi ya mti huo, lililobuniwa ili kumtukuza Otto Warburg, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani. Basi katika mti mmoja zimo kemikali mbili zenye majina mawili: moja lamkumbuka bwana wa Berlin, na la pili lawakumbuka watu waliokuwa wakilitafuna gome hilo kabla Berlin haijapata habari zake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo si la sadfa wala si dogo. Katika historia ya dawa zitokanazo na mimea itoayo maua, jina la mti na kitenzi kinachoeleza jinsi dawa yake inavyotengenezwa ni hati za historia, sawa na barua au daftari la hesabu. Pale vilipotunzwa kwa uangalifu, vilimwongoza mtafiti hadi kwenye dawa. Pale vilipopotoshwa, vilimpoteza mtafiti na kuwafuta watu. Mifano mitatu itatumiwa: kwinini ya Amerika ya Kusini, qinghao ya Uchina, na muthiga ya kwetu.

Kwinini: jina lililowaficha watu

Kwinini ni alkaloidi ipatikanayo katika gome la miti ya jenasi Cinchona, ambayo asili yake ni miteremko ya milima ya Andes. Kwa ukoo miti hii ni ya familia moja na mbuni. Wazungu walijifunza matumizi ya gome lake katika sehemu za Loja, ambayo leo imo katika nchi ya Ecuador, na mwanzoni mwa miaka ya 1630 gome hilo lilikuwa limekwisha kufika Roma kwa mikono ya watawa wa Kijesuiti. Ulaya wakati huo ilisumbuliwa sana na homa ya vipindi, ambayo leo huitwa malaria, na gome la Andes likawa dawa ya kwanza kujulikana huko iliyoikomesha homa hiyo kwa hakika.

Katika lugha ya Kiquechua, neno "kina" lina maana ya gome. Wahispania waliandika "quina", na umbo lililorudiwa, "quina-quina", likaenea madukani. Warudiaji wa historia hii aghalabu husahau kwamba "quina-quina" lilitumiwa kwanza kwa mti mwingine kabisa, mti wa utomvu wenye kunukia wa jenasi Myroxylon. Magome mawili yakauzwa kwa jina moja. Tabibu wa Ulaya aliyenunua "quina-quina" hakuwa na njia ya kujua kama ametibiwa au amepunjwa, kwa kuwa neno lilikuwa limeachana na mti wake.

Mchafuko huo haukuondolewa na wataalamu wa uainishaji. Mnamo mwaka wa 1742 Linnaeus aliipa jenasi jina la Cinchona kwa heshima ya mke wa Mtawala wa Chinchón, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme wa Hispania nchini Peru. Kisa kilichosadikiwa wakati huo, kilichokuwa kimechapishwa mwaka wa 1663 na tabibu Sebastiano Bado wa Genoa, kilidai kwamba bibi huyo aliugua homa mjini Lima, akaponywa kwa gome hilo, kisha akalieneza Ulaya. Mwaka wa 1941 A. W. Haggis alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba shajara rasmi ya utawala wa mumewe haina habari za ugonjwa huo wala za uponyaji huo. Fauka ya hayo, Linnaeus alikosea hata tahajia: herufi "h" ya kwanza katika Chinchón aliiacha. Hivyo jina la kisayansi la mti uliookoa maisha ya watu wengi sana limejengwa juu ya kisa kisichothibitika na kosa la herufi, nao waliouonyesha mti huo hawamo.

Lakini neno la Kiquechua halikufa. Mwaka wa 1820, mjini Paris, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou walifaulu kuitenga alkaloidi yenyewe kutoka katika gome. Jina walilolichagua walilichukua katika "quina". Kutoka Kifaransa likaingia Kiingereza, na kutoka Kiingereza likaingia Kiswahili, likavishwa irabu ya mwisho na kuwa "kwinini". Mgonjwa wa Mombasa au Kisumu aliyemeza kidonge chungu na kukunja uso alilitamka neno la milima ya Andes pasipo kujua. Jambo la kutazamwa ni hili: wanabotania walimhifadhi bibi mtukufu, na wanakemia, kwa bahati, wakawahifadhi wenyeji.

Historia ya mti huu ina jina jingine lililofichwa. Katika karne ya 19 Waingereza na Waholanzi walitafuta mbegu za kupanda katika makoloni yao, lakini aina nyingi walizopata zilikuwa na kwinini kidogo. Mtu aliyejua kuzitofautisha aina hizo msituni alikuwa Manuel Incra Mamani wa Bolivia, mtumishi wa mfanyabiashara Mwingereza aitwaye Charles Ledger. Mwaka wa 1865 Mamani alimletea Ledger mbegu za aina bora. Kiasi cha ratili moja ya mbegu hizo kiliuzwa kwa serikali ya Uholanzi, zikapandwa Java, na miti iliyoota ikawa na kwinini nyingi kupita yote iliyotangulia. Hadi Vita Vikuu vya Pili, Java ilikuwa ikiutosheleza karibu ulimwengu mzima. Mamani alipotumwa tena kutafuta mbegu, alikamatwa na wakuu wa nchi yake, akapigwa, akafa mwaka wa 1871. Mti wenyewe ukaitwa ledgeriana.

Afrika ya Mashariki nayo iliingia katika historia hii mapema. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe mahali paitwapo Amani, katika milima ya Usambara, mwaka wa 1902, na miti ya kwinini ilipandwa huko. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka na njia za bahari kufungwa na Waingereza, jeshi la von Lettow-Vorbeck lilikosa dawa kutoka Ulaya. Wataalamu wa Amani wakatengeneza kwinini kutokana na gome la huko, na jeshi liliposukumwa kusini likabaki kunywa maji machungu ya gome lililochemshwa, ambayo askari waliyapa kwa mzaha jina la kamanda wao. Gome la Andes lilikuwa limekuwa silaha katika vita vya Wazungu juu ya ardhi ya Waafrika.

Qinghao: kitenzi kimoja katika kitabu cha kale

Ikiwa mfano wa kwanza waonyesha hasara ya jina kupotoshwa, mfano wa pili waonyesha faida ya neno kuhifadhiwa. Mnamo tarehe 23 Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya Uchina iliitisha mkutano wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa kuwa vimelea vya ugonjwa huo katika sehemu hizo vilikuwa vimeanza kuizoea klorokwini. Mpango huo ukaitwa 523, kwa kufuata mwezi na tarehe yake. Mwaka wa 1969 kundi moja la watafiti mjini Beijing liliwekwa chini ya Tu Youyou, mtaalamu wa dawa aliyekuwa amesomea pia tiba ya jadi ya Kichina.

Kundi hilo halikuanzia maabara. Lilianzia maktaba na kwa waganga wazee. Lilikusanya maelezo ya dawa yapatayo 2,000, likachuja na kuandika 640 katika kijitabu, kisha likayajaribu kwa panya maji ya dawa zaidi ya 380 yaliyotolewa katika mimea kama 200. Mmoja wa mimea hiyo ni qinghao, ambayo habari zake zimo katika maandishi ya hariri yaliyofukuliwa katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka wa 168 kabla ya Kristo. Majaribio ya kwanza ya qinghao yalitia moyo. Yaliyofuata yalikuwa hafifu. Mmea uleule, panya walewale, na matokeo hayakukaa mahali pamoja.

Hapo ndipo Tu Youyou aliporudi kusoma. Katika kitabu cha dawa za dharura kilichoandikwa katika karne ya 4 na Ge Hong, aliona kwamba mwandishi huyo hakuamuru qinghao ichemshwe, kama ilivyo desturi ya dawa nyingi za Kichina. Aliamuru ilowekwe katika maji, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Tofauti yote imo katika kitenzi. Tu alifikiri kwamba pengine moto wenyewe ndio ulioiharibu dawa. Akaacha maji ya moto, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo sana. Mnamo tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliwamaliza vimelea vyote katika panya waliojaribiwa. Mwaka uliofuata Tu na wenzake wawili waliinywa kwanza wao wenyewe ili kuhakikisha kwamba haidhuru, kisha ikajaribiwa kwa wagonjwa.

Baadaye wanakemia walieleza sababu. Molekuli hiyo ina daraja la oksijeni mbili zilizoshikana, na daraja hilo ndilo linaloua vimelea; nalo halistahimili moto mkali. Ge Hong hakujua kemia, lakini alijua kukamua, na aliandika alilolijua kwa usahihi. Kama mnakili mmoja katika karne kumi na sita angeliona kuwa kukamua na kuchemsha ni mamoja, akaandika "chemsha", mtafiti wa mwaka 1971 asingelipata pa kushika.

Hata hivyo katika mfano huu pia jina lilitega mtego. Wanabotania wa siku hizi walilifunga jina la qinghao kwa mmea wa jamaa hiyo, Artemisia apiacea, ambao hauna dawa hiyo. Mmea wenye dawa ni Artemisia annua, ambao katika vitabu vyao waliupa jina jingine. Ilibidi watafiti waihakikishe mimea yenyewe, aina kwa aina, ili jina na mti vikutane tena. Muundo wa molekuli ulichapishwa mwaka wa 1977, mwaka uleule wa muzigadiali, bila jina la mtafiti yeyote, ila la kundi. Nayo molekuli ina majina mawili: Wachina huiita qinghaosu, yaani kiini cha qinghao, na ulimwengu huiita artemisinini, kwa kufuata jina la jenasi litokanalo na mungu wa kike wa Wagiriki. Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015.

Dawa hiyo haikubaki Uchina. Mwishoni mwa miaka ya 1970 malaria isiyosikia klorokwini ilianza kuonekana kwa wageni waliotoka Kenya na Tanzania, na katika miaka ya 1980 na 1990 ikaenea miongoni mwa wenyeji. Kenya iliacha kutegemea klorokwini mwaka wa 1998, na Tanzania mwaka wa 2001. Mwaka wa 2004 Kenya ilitangaza sera mpya ya kutumia artemisinini pamoja na dawa nyingine, na Tanzania ikaanza mwaka wa 2006. Watanzania wakaipa jina zuri la "dawa mseto", neno lililotoka jikoni, ambako mseto ni chakula cha nafaka na kunde zilizopikwa pamoja. Neno hilo lamweleza mgonjwa kwa sauti moja jambo ambalo mabango mengi hayajaweza kulieleza: kwamba dawa hizi huenda pamoja, wala haifai kuzitenga.

Muthiga: ulimi kama maabara

Turudi sasa kwenye gome la nyumbani. Muthiga, ambao Wamasai huuita osokonoi, ni Warburgia ugandensis katika vitabu vya mimea. Ni mti wa misitu ya nyanda za juu, wenye majani yasiyopukutika na gome la ndani jekundu lenye ukali wa pilipili. Ukali huo ndio ushahidi wa kwanza. Kemikali za jamaa ya warburganali na muzigadiali zina aldehidi mbili zilizokaribiana, na aldehidi hizo hushikamana kwa urahisi na protini za viumbe. Katika ulimi wa binadamu tendo hilo huhisiwa kuwa ukali. Kwa kiwavi humwondolea hamu ya kula. Kwa hamira na kuvu huvuruga utando wa seli. Mwaka wa 1981 Kubo na Ganjian walichapisha uchunguzi uliohusisha ukali kwenye ulimi wa binadamu na nguvu ya kuwazuia wadudu wasile. Kwa maneno mengine, wazee waliouchagua mti huu kwa kuuonja walikuwa wakitumia kipimo ambacho maabara ilikuja kukikubali.

Hapa Kiswahili kina jambo la kuchangia. Wasemaji wake hawachanganyi "chungu" na "kali". Kwinini ni chungu. Mwarobaini ni mchungu. Shubiri ni chungu hata ikawa mfano wa uchungu wenyewe. Pilipili ni kali, na tangawizi ni kali. Muthiga umo katika kundi la pili. Tofauti hii ya vivumishi si mapambo ya usemi. Alkaloidi nyingi hutambuliwa na ulimi kuwa chungu, na kemikali zinazoshikana na protini kama hizi hutambuliwa kuwa kali. Mwandishi wa kamusi akisema tu kwamba gome fulani "lina ladha mbaya", atakuwa ameifuta dalili ambayo lugha ilikuwa imekwisha kuihifadhi.

Yafaa pia kutahadhari, kwa kuwa heshima kwa elimu ya jadi haimaanishi kusadiki kila kitu. Kuzuia kuvu katika chombo cha kioo si sawa na kumponya mgonjwa. Ukali uleule unaoshikana na protini za kuvu hushikana na protini za mwili, na warburganali imeonekana kudhuru seli zisizo za kuvu pia. Muthiga haujawa kidonge kama qinghao ilivyokuwa, na kati ya gome na kidonge ni safari ndefu yenye vipimo vingi. Vilevile Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya Artemisia kuwa tiba ya malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa katika majani hubadilika na dawa isiyotosha huwafunza vimelea ukaidi. Na mti wenyewe wataabika. Achunaye gome kuuzunguka mti mzima huuua, na soko la dawa za miti halingoji mti upone.

Deni la kamusi

Kutokana na mifano hii mitatu, swali lawarudia watu wa lugha. Je, kamusi na mikusanyo ya maneno imeyatendeaje majina ya miti? Ni dhahiri kwamba kamusi za Kiswahili zimezoea kuridhika na maelezo kama "aina ya mti" au "mti utumiwao kwa dawa". Maelezo hayo hayamsaidii mwanafunzi, mkulima, wala mwanakemia. Yanalihifadhi jina na kuupoteza mti, kama duka la dawa la Ulaya lilivyolihifadhi neno "quina-quina" na kuuza gome lisilo lake.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Charles Sacleux, mtawa Mfaransa aliyeishi Unguja na Bagamoyo, alikuwa mkusanyaji wa mimea na vilevile wa maneno. Katika kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyoanza kutoka Paris mwaka wa 1939, majina mengi ya miti yamefungwa kwa majina yao ya kibotania. J. O. Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki, alifuata njia hiyo kutoka upande wa pili: mwanabotania aliyekubali kwamba mti usio na majina ya wenyeji haujaelezwa ukaisha. Kazi hizo mbili zakutana mahali ambapo idara za lugha na idara za sayansi hazikutani mara nyingi.

Kinachodaiwa ni zaidi ya majina. Qinghao imefunza kwamba kitenzi ni muhimu kuliko nomino. Kiswahili kina hazina ya vitenzi vya kutengeneza dawa: kuchemsha, kuloweka, kukamua, kuponda, kutwanga, kusaga, kufukiza, kuchua, kutafuna. Kila kimoja ni maagizo ya kemia. Kuchemsha hutoa kitu kimoja na kukiharibu kingine. Kuloweka hutoa kinachoyeyuka katika maji baridi. Kufukiza huleta mafuta yanayoruka na mvuke. Mkunga wa kijijini asemapo kwamba jani hili huloweka usiku mmoja na wala halipiki, anayemwandikia asitie "hutayarishwa" kwa sababu eti ni neno la kitaalamu. Neno hilo la kitaalamu ni upofu. Aandike kitenzi alichopewa, aandike sehemu ya mti, mahali, majira, na lugha ya aliyesema, kwa tahajia inayohifadhi sauti, ili mũthiga isije ikageuka muziga na muziga ikageuka mti usiojulikana.

Faida ya uandishi wa namna hiyo si ya kitaaluma peke yake. Mwaka wa 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza juu ya matumizi ya mafuta ya mwarobaini dhidi ya kuvu. Wahindi, ambao mti huo ni wao tangu kale, walipinga, wakitoa ushahidi kwamba jambo hilo halikuwa jipya kwao. Hataza ikafutwa mwaka wa 2000, na rufaa ikatupwa mwaka wa 2005. Ushahidi uliokubaliwa ni ule ulioweza kuonyeshwa. Kenya nayo ilitunga sheria ya kulinda elimu ya jadi na sanaa za kitamaduni mwaka wa 2016. Lakini sheria haiwezi kulinda kisichotambulika, na elimu iliyomo katika kinywa cha mzee mmoja hutoweka naye kabla wakili hajafika.

Wala haja ya dawa mpya haijapungua. Mwaka wa 2008 dalili za vimelea kuanza kuistahimili artemisinini ziliripotiwa magharibi mwa Kambodia. Mwaka wa 2020 watafiti walithibitisha vimelea vyenye badiliko la namna hiyo nchini Rwanda, na mwaka wa 2021 nchini Uganda. Kwinini ilitumika kwa karne kadhaa, klorokwini kwa miongo michache. Hapana ajuaye zamu ya qinghao itadumu miaka mingapi. Atakayetafuta dawa ifuatayo atarudi misituni, na huko hataweza kuonja kila gome. Atauliza majina, naye atategemea kwamba aliyeyaandika aliyaandika sawasawa.

Mamani alizijua mbegu, na mti ukaitwa kwa jina la mwajiri wake. Ge Hong aliandika kitenzi sahihi, na watu walioishi miaka 1,600 baadaye wakapona. Kati ya mifano hiyo miwili, mwanafunzi wa lugha za Kiafrika ana hiari ya kuchagua ni upi aufuate. Kazi yenyewe haihitaji vyombo vya gharama: yahitaji daftari, sikio lisilochoka, mwanabotania wa kufuatana naye njiani, na adabu ya kumwuliza mwenyeji mara ya pili, "Husemaje hapa, hukamua au huchemsha?"